Si Wewe, Bata Wangu

Mwezi wa Aprili 2025 nilibeba kura ya mtu anayetaka watu kama mimi wasiingie tena nchini kwake. Nikaipeleka mpaka kwenye sanduku la posta nikaitumbukiza. Bahasha alikuwa ameifunga mwenyewe. Kilichohitajika kwangu ni miguu tu, maana yake haimfikishi hata getini.

Nitamwita Mzee. Anakaa Wigston, kitongoji kilichoshikana na jiji la Leicester, katikati ya Uingereza. (Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asijulikane, yeye na wengine humu.) Kila asubuhi saa moja na nusu naingia kwake, namwamsha, namwosha, kisha namvisha zile soksi ndefu za kubana za kuzuia miguu isivimbe. Soksi hizo ni kazi. Unaigeuza nje ndani mpaka kisigino, unaingiza vidole vya mguu, halafu unaipandisha kidogo kidogo kwa viganja, na mwenyewe ameshika kiti anauma meno. Mzee alifanya kazi kwenye viwanda vya soksi vya Leicester tangu ujana mpaka vikafungwa, kwa hiyo hunipa na maelekezo. Ndipo siku hiyo, soksi ya kushoto ikiwa nusu, akaniambia amepigia Reform, chama cha Nigel Farage.

"Nchi imejaa," akasema. "Daktari hupati, nyumba hupati." Kisha akakumbuka ni nani aliyempigia magoti mbele. "Si wewe, bata wangu."

Bata si tusi. Watu wa sehemu hii humwita mtu bata kama sisi tunavyomwita muuza mboga "mama" au "mpenzi". Dereva wa basi aliponiita hivyo wiki yangu ya kwanza nilidhani ananicheka mwendo.

Lakini hilo "si wewe" nimelisikia mara nyingi mno tangu nifike, na si kwa Wazungu peke yao. Rafiki zangu walio Ujerumani na Uholanzi wananiambia nao huambiwa, kila mmoja kwa lugha ya huko. Mgeni anayechukiwa ni yule asiyekuwepo chumbani. Aliyepo anafua, anapika, anafahamika kwa jina, basi yeye siye.

Nilikuja Mei 2024. Hadithi ya kuja kwangu ni ndefu, nitaifupisha. Waingereza walipiga kura mwaka 2016 kutoka Umoja wa Ulaya, asilimia 52 kwa 48, na tangu mwanzo wa 2021 Mpoland au Mromania hakuweza tena kuja kufanya kazi atakavyo. Korona nayo ikawachosha waliokuwepo. Mwaka 2021/22 nafasi za kazi zilizokosa watu katika kulea wazee na wagonjwa zilikuwa kama 165,000 Uingereza yenyewe, bila kuhesabu Scotland na Wales. Februari 2022 serikali ikafungua viza kwa wahudumu wa wazee kutoka ng'ambo, na Nairobi ikajaa maajenti. Wangu alinitoza pesa za sehemu yangu ya kiwanja cha familia Mtwapa. Sheria ya huku hairuhusu ajenti amtoze mtu ada ya kumtafutia kazi, ila hilo nililijua nikiwa tayari nimelipa na kiwanja kina mwenyewe mwingine.

Cheti cha udhamini wa mwajiri kilitoka Februari 2024. Kilichonichelewesha ni picha ya kifua. Walioipiga waliona kivuli, wakataka makohozi yaoteshwe kuhakikisha si kifua kikuu, na makohozi huchukua wiki nane. Kikaonekana ni kovu la zamani tu. Basi maombi yangu nikayatuma katikati ya wiki ya mwisho ya Machi. Tarehe 11 Machi 2024 sheria mpya ilikuwa imeanza: mhudumu wa wazee anayeomba kuanzia siku hiyo haji na mume, wala mke, wala mtoto. Waliotangulia hata kwa siku moja wana haki ya kuleta wao. Mwanangu alikuwa na miaka saba. Yuko Likoni, Mombasa, kwa nyanyake.

Kampuni iliyoniajiri iliniahidi saa 39 kwa wiki ikanipa 20, na dakika za kutoka nyumba moja hadi nyingine haikuzihesabu. Ukiondoka unapewa siku 60 kutafuta mdhamini mwingine au ufunge virago. Nilipata mwingine siku ya 51. Sina la kuongeza hapo.

Ba ndiye aliyenifundisha zaidi kuliko magazeti.

Ba ni neno la Kigujarati, mama au nyanya. Ni bibi wa Kihindi ninayemhudumia, anaishi karibu na Belgrave Road, ule mtaa wa maduka ya dhahabu na sari. Siku ya kwanza mwanawe alimwambia msichana huyu ametoka Mombasa. Bibi akainua kichwa kwenye mto. "Mombasa vapi?" Nikamwambia Likoni. "Likoni! Feri!" Akacheka mpaka akakohoa.

Kumbe nyumba nzima imejaa Kiswahili na wenyewe hawajui. Watoto wake wanadhani fagio na sufuria ni Kigujarati. Wajukuu wakienda mkahawani huagiza "mogo" wa kukaanga, na mmoja hakuniamini nilipomwambia ni muhogo, kitu kinachochimbwa shambani na watu wasiojua Leicester iko wapi.

Kiswahili cha Ba ni cha aina moja. Ni lete, peleka, osha, funga, haraka. Tafadhali hamna. Asubuhi ya pili akaniambia, "Veve lete maji moto," na mgongo wangu ukanyooka wenyewe, kwa sababu Kiswahili hicho nilikuwa nimekisikia kabla sijazaliwa, ukinielewa. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa yaya kwenye nyumba ya Wahindi Ganjoni. Aliwaosha watoto wao miaka kumi na moja, na alipokuwa akituigizia mama mwenye nyumba, ilikuwa sauti hii hii. Niliyaleta yale maji. Siku nyingine, tukiwa tumezoeana, nikamsimulia. Akaniuliza nyanya yangu aliitwa nani. Nikasema kule kazini aliitwa Yaya tu. Ba akanyamaza, akawa anakunja na kukunjua ncha ya shuka. "Yetu pia," akasema. "Sisi naita Yaya. Jina lake mimi hapana jua."

Aliingia Uingereza Februari 1968. Kenya ilikuwa imepitisha sheria mwaka 1967 za vibali vya kazi na leseni za biashara kwa wasio raia, na Wahindi wengi walikuwa wameshika pasipoti za Uingereza badala ya uraia wetu. Wakaanza kuondoka kwa ndege zilizojaa. London ikataharuki. Serikali ya Harold Wilson, ya chama cha Labour, chama cha wafanyakazi, ikaipitisha sheria bungeni kwa siku tatu, ikawa sheria kamili tarehe 1 Machi 1968: pasipoti ya Uingereza peke yake haitoshi tena, lazima mzazi au babu yako awe na uhusiano na ardhi ya Uingereza. Kwa maneno ya mtaani, uwe Mzungu. Wiki saba baadaye mbunge Enoch Powell akasimama Birmingham kutoa ile hotuba yake ya kuwatisha watu kuhusu wahamiaji.

Ba alikuwa ameshapita na watoto wawili. Mumewe alibaki Mombasa wiki tatu tu, auze duka awafuate. Mlango ukafungwa katikati. Sheria ilitoa vocha za kuingia 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia, na yeye akakaa kwenye foleni hiyo miaka miwili. Ba anasimulia jinsi alivyofanya kazi za usiku kiwandani huku watoto wamelala kwa jirani Mzungu. Nilikuwa namchana nywele. Nikamwambia mimi nilichelewa wiki mbili. Hakuuliza wiki mbili za nini. Aliunyosha mkono nyuma akanishika kifundo.

Ungedhani basi mtu huyo anajua. Jioni ile ile televisheni ikaonyesha vimashua vya mpira vikivuka kutoka Ufaransa, watu wamekaa ukingoni miguu inaning'inia majini. Ba akatikisa kichwa. "Hii ya boti, hapana. Hii narudisha yote."

"Na mimi, Ba?"

"Veve hapana. Veve yetu."

Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90, baraza la jiji la Leicester lilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda likiwasihi wasije huku, jiji limejaa. Walikuja kwa maelfu. Nilimuuliza Ba watu wa mtaani walisemaje. Alisema walinung'unika. Wazungu? Hapana, alisema, hata sisi. Tulisema sasa hawa wa Uganda wataharibu jina letu.

Ukishaona hilo, siasa za Westminster, bunge la huku, hazikushangazi tena. Mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda ulisainiwa Kigali Aprili 2022 na Priti Patel, waziri wa mambo ya ndani wakati huo, ambaye wazazi wake walitoka Uganda. Mwaka 2020, kabla ya hapo, aliulizwa redioni kama wazazi wake wangeingia kwa kanuni anazoziandika yeye, akakubali kwamba huenda wasingeingia. Aliyempokea wizara, Suella Braverman, baba yake alitua akitokea Kenya Februari 1968, mwezi ule ule wa Ba. Labda walipanga foleni moja. Binti akasema ni ndoto yake kuona ndege ikiruka kwenda Rwanda, na Oktoba 2023 akaufananisha uhamaji ujao na kimbunga, akisema upepo uliowaleta wazazi wake ulikuwa kijiupepo tu. Na Waziri Mkuu wao, Rishi Sunak, baba alizaliwa Kenya, mama Tanganyika. Yeye ndiye aliyesimama nyuma ya meza iliyoandikwa zuieni mashua. Mahakama ya Juu kabisa ilisema Novemba 2023 kwamba mpango huo haukuwa halali. Serikali mpya ilipoufuta Julai 2024 ilitaja pauni milioni 700 zilizotumika, na waliokwenda Rwanda walikuwa wanne, kwa hiari yao.

Kuna wanaowaita wanafiki. Mimi naona neno hilo ni jepesi. Nadhani wanaamini kwa moyo mweupe kwamba wazazi wao walikuwa watu wa aina nyingine. Ba anaamini. Na Julai ile ile, Conservative, chama cha hao watatu, walipogaragazwa nchi nzima kwenye uchaguzi mkuu, kiti kimoja tu walichonyang'anya wengine kilikuwa Leicester East, kwetu hapa, penye Belgrave Road. Kura za upinzani ziligawanyika, ni kweli, lakini waliowapigia walikuwa majirani zangu, watu wa mogo. Mimi pia nilipiga. Raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anaruhusiwa, jambo ambalo Mzee alipolisikia alitua kikombe. Nilikwenda na pasipoti ya Kenya, nikiwa nina wiki chache nchini. Mwanangu siwezi kumleta, Waziri Mkuu naweza kumchagua.

Mwezi ule ule, tarehe 29 Julai 2024, wasichana wadogo watatu walichomwa visu wakiwa kwenye darasa la dansi huko mji wa Southport, wakafa. Kabla kaburi moja halijachimbwa ikaenea mtandaoni kwamba muuaji ni mwomba hifadhi aliyekuja na mashua. Alikuwa kijana aliyezaliwa Cardiff, wazazi wake wametoka Rwanda. Jina lake lilipotangazwa, msikiti ulikuwa tayari umepigwa mawe, na Jumapili ya tarehe 4 Agosti umati ukajaribu kuichoma moto hoteli karibu na Rotherham, waomba hifadhi wakiwa ndani.

Ofisini kwetu ikaja meseji: msivae sare barabarani, msisimame peke yenu kituo cha basi, ila ziara zote zifanywe kama kawaida. Hilo "kama kawaida" lilinichekesha, maana wazee hawawezi kukaa na nepi ya jana kwa sababu ya siasa.

Mzee alipiga simu ofisini mwenyewe akasema nije kwa teksi, yeye atalipa. Nilipofika nilimkuta amesogeza kiti dirishani, fimbo ya kutembelea ameiegemeza mlangoni. Nikamuuliza ataifanyia nini, na yeye akisimama anahitaji watu wawili. "Nitawatisha," akasema. Halafu, soksi zikiwa zimefika magotini, akasema wale ni wahuni, ila wana hoja.

Simdharau. Mtaani kwake benki imefungwa, baa imefungwa, daktari ni simu ya kusubiri dakika arobaini. Mjukuu wake ana kazi na bado analala kwenye sebule ya mama yake. Hayo si ya kutunga. Lakini nyumba aliyomo yeye ilikuwa ya baraza la serikali ya mtaa, aliinunua kwa bei nafuu chini ya sheria ya 1980 ya kuwauzia wapangaji, na zilizouzwa hazikujengewa mbadala wa kutosha. Kuanzia 2010 mabaraza yalikatwa fedha miaka mingi mfululizo. Nilijaribu siku moja kumweleza kwamba nyumba ya mjukuu wake huenda ndiyo hii tuliyokaa. Alinitazama kama nimemwibia kijiko.

Na nani ananipa mimi ujasiri wa kumhubiria? Nilikuwa na miaka tisa Likoni, usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kituo cha polisi kilipovamiwa na vibanda vya wabara vikaanza kuwaka. Wiki nzima kabla yake watu walikuwa wakisema wabara wamejaa, wamechukua viwanja, wamechukua kazi bandarini, warudi kwao. Hata barazani kwetu yalisemwa, na baba akitikisa kichwa kukubali. Jirani yetu alikuwa fundi cherehani kutoka Nyanza, aliyenishonea sare yangu ya kwanza ya shule. Asubuhi yake alikuja uani. Baba akamwambia kaa, ndugu yangu, hawakukusudii wewe, wewe ni mwenzetu.

Fundi akamuuliza, "Wakija usiku watauliza?"

Akaondoka na wanawe kwenda kujihifadhi kanisani pamoja na mamia wengine. Cherehani alituachia. Hakurudi kuichukua. Imo nyumbani mpaka leo, mama huiwekea kitambaa juu na redio, na baba mpaka anakufa alikuwa akisema alichomwambia yule bwana alikimaanisha. Naamini alikimaanisha. Mzee naye anamaanisha.

Kura ile niliyoitumbukiza ilifanya kazi yake. Mei 2025 Reform wakawa chama kikubwa kwenye baraza la kaunti ya Leicestershire wakashika uongozi wake. Siku chache baadaye, tarehe 12, Waziri Mkuu, Keir Starmer wa Labour, akasema nchi iko hatarini kuwa kisiwa cha watu wasiojuana. Mwezi uliofuata akasema anajutia maneno hayo. Maneno aliyajutia, sera ikabaki. Tarehe 22 Julai mlango wa kuajiri wahudumu wa wazee kutoka ng'ambo ukafungwa kabisa. Novemba ikaja hoja kwamba sisi tuliomo tusubiri miaka 15 badala ya mitano kabla ya kupewa ukaazi wa kudumu. Uhamaji wenyewe wakati huo ulikuwa umeshuka, kutoka ongezeko la watu 906,000 katika mwaka ulioishia Juni 2023, kwa hesabu zilizotolewa Novemba 2024, hadi 204,000 miaka miwili baadaye. Sijaona mtu Wigston aliyefurahi. Bendera za msalaba mwekundu zimefungwa kwenye nguzo za taa tangu Agosti 2025, nyingine zimechanika kwa upepo na hakuna anayezishusha.

Wiki iliyopita Mzee aliona picha ya mwanangu kwenye simu yangu. Anaota meno ya mbele, anacheka mdomo wazi, nyuma yake feri.

"Ana umri gani huyu?"

"Minane."

"Mbona humleti, bata?"

Nikamweleza. Sheria ya Machi 2024, mhudumu wa wazee haji na mtoto. Alinikatiza kwamba nimeelewa vibaya. Nikamwonyesha kwenye tovuti ya serikali, nikamwongezea ukubwa wa herufi. Akasoma mara mbili, midomo ikienda.

"Upumbavu gani huu? Nani alitaka hivi?"

Nilikuwa nimeshika soksi ya kulia. Nikaendelea kupandisha.

Akaitisha kalamu na karatasi, atamwandikia mbunge wake. Aliandika kwa mkono unaotetemeka, nusu ukurasa, akaniuliza jina la mtoto linaandikwaje, nikamtajia herufi moja moja. Likoni nayo akaiuliza. Barua iko juu ya friji yake, chini ya sumaku yenye picha ya Skegness, mji wa pwani, kwa sababu stempu zilikuwa zimekwisha. Kila asubuhi naiona nikitoa maziwa ya chai. Stempu naweza kununua mimi, duka liko njiani. Sijanunua.